Sauti ya Mkanda wa Upande wa Mama

Tulikuwa katikati ya daraja la Kigongo–Busisi, maji kulia, maji kushoto, mama akafungua mkanda.

Haukuwa ukaidi. Kwa miaka yote tuliyokwenda na kurudi Sengerema, pale ndipo alipozoea kuufungua. Gari likishapanda kivuko, mkono wake ulikwenda kwenye kifungio bila kuambiwa. Kioo kilishushwa, viatu vikavuliwa, na mara nyingi alishuka kabisa akasimama kwenye ukingo mpaka Busisi. Sisi tuliokulia kandokando ya Ziwa Victoria tulifundishwa hivyo na ziwa lenyewe. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imebakiza kidogo tu kufika Mwanza, na watu kwa mamia wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Mama amevuka maji haya kwa kivuko, kwa boti na kwa mtumbwi wa kasia, na kwake kitu kinachokufunga ukiwa juu ya maji ni kitu cha kuogopa. Mimi siwezi kumbishia hilo.

Ila daraja lilifunguliwa Juni 19, 2025. Ni kilomita 3 za lami, unapita kwa dakika chache, na gari linakwenda kasi ya barabarani. Mkono wa mama bado haujapokea habari hizo. Alipobonyeza, mkanda ukaanza kurudi kwa mlio niliokuwa nimeuzoea kiasi cha kutousikia tena: krrrrrr, mrefu, kama mashine ya kusaga iliyoingiwa na changarawe, halafu tak! moja nzito ndani ya nguzo, ubavuni mwake. Akaruka. Akashika dashibodi kwa mikono miwili.

"Mama, funga mkanda, hapa si kivukoni," nikamwambia.

"Sifungi tena huu. Unalia, halafu unanishika."

Nikamsihi. Akauvuta, akaushikilia mbele ya kifua bila kuuchomeka, vile abiria wengi wanavyofanya wakiona askari wa usalama barabarani kwa mbali. Safari yote hadi Sengerema alikaa hivyo, ameshika mkanda mkononi kama mtu aliyeshika kamba ya mbuzi. Niliendesha polepole sana siku ile. Nilikuwa najua kwamba mkanda ule haumlindi kitu, na kwamba aliyemfanya auogope ni mimi, niliyesikia mlio ule kwa miezi na kuongeza sauti ya redio.

Nieleze kwanza kwa nini mkanda uwe na mlio wowote. Mikanda mingi kwenye magari yetu hairudi kwa umeme. Ndani ya nguzo ya kati, chini, kuna kasha lenye gurudumu la kuviringishia mkanda na springi bapa iliyojikunja kama mkeka. Ukifungua, springi inauvuta mkanda, basi. Gari langu, la Kijapani, la mtumba kama mengi ya hapa mjini, lina zaidi ya hiyo springi. Kila kasha la mbele lina mota ndogo na gia zake. Ukichomeka mkanda, mota inauvuta kidogo kuondoa ulegevu. Ukifungua, inausaidia kurudi. Na gari likihisi kwamba ajali inakaribia, mota inakukaza kitini kabla ya kugonga. Ikiwa hukugonga, inakuachia. Mercedes-Benz walileta mpango wa namna hii kwenye S-Class mwaka 2002, na watengenezaji wa Japani wakafuata muda mfupi baadaye.

Wamarekani walikuwa na mkanda wa umeme wa aina nyingine kabisa, miaka ya 1980 na 1990. Ule ulitembea wenyewe kwenye reli juu ya mlango. Unakaa, unafunga mlango, mkanda wa begani unakuja peke yake. Shida ni kwamba wa kiunoni ulibaki wa kufunga kwa mkono, na watu waliousahau walikuwa wengi. Mifuko ya hewa ilipofanywa kuwa ya lazima kule, reli zile zikaisha. Nauona ni uvumbuzi wa kusikitisha, kwa sababu mkanda wa pointi tatu aliobuni Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959 unategemea vipande vyote viwili, kifua na nyonga, na Volvo waliwaachia watengenezaji wengine wautumie bure ili watu wapone. Ukitoa cha nyonga, umetoa nusu ya kazi yake.

Ulegevu ndio unaonifanya niipende ile mota. Mama huvaa kitenge, juu yake kanga, na siku za mvua sweta. Kati ya mkanda na mwili kunabaki nafasi ya kiganja kizima. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kila mwaka nawachorea wanafunzi mwili unaoendelea mbele wakati gari limeshasimama. Sentimita zile za ulegevu ni umbali ambao mwili unaenda bila kuzuiwa na kitu. Mota inazila zile sentimita. Sikutaka kuipoteza.

Fundi wa kwanza niliyemwendea alitaka kuipoteza. Alisikiliza mara moja, akasema, "Madamu, hii tunachomoa plagi tu. Unakuwa mkanda wa kawaida, kelele kwisha." Nikamuuliza kuhusu taa ya mifuko ya hewa itakayowaka kwenye dashibodi. Akasema taa nayo inazimwa. Fundi wa pili alitaka tununue kasha la mtumba. Hilo lingekuwa jambo la maana kama ningejua limetoka kwenye gari gani. Mkanda uliokwisha kumshika mtu kwenye ajali haurudiwi tena: nyuzi zake zimenyooka, na ndani ya kasha kuna chuma kilichosokotwa ili kupunguza nguvu ya kifuani. Kwa macho huoni kitu. Nikawashukuru wote wawili, nikarudi nyumbani Nyegezi.

Nilianza kwa kusikiliza, na hapo ndipo ningepaswa kuanza tangu mwaka jana. Jumamosi alfajiri, kabla bodaboda hazijachangamka, niliweka simu kwenye kiti nikarekodi upande wa dereva. Kuchomeka: mlio mdogo, kama sekunde moja. Kufungua: sekunde mbili, kimya. Upande wa mama: kuchomeka, sawasawa na wa dereva. Kufungua: karibu sekunde tano, na ile tak mwishoni. Mota mbili za aina moja, umri mmoja. Moja inamaliza kazi kwa sekunde mbili, nyingine inahangaika kwa tano. Mota iliyokufa gia isingevuta vizuri wakati wa kuchomeka. Kwa hiyo kilichobadilika ni mzigo: kitu kinausugua mkanda njiani. Nikaushika mkanda kwa mkono, nikauongoza taratibu kuelekea kwenye pete ya begani, ile iliyo juu ya nguzo ambamo mkanda unapita. Mlio ukapungua nusu. Nikabana plastiki ya nguzo kwa goti. Tak ikapotea. Kwa robo saa, bila spana, nilikuwa na washukiwa wawili.

Kabla ya kufungua chochote, naomba usome aya hii hata kama nyingine unaziruka. Ndani ya kasha la mkanda kuna baruti. Mota ni kwa ajili ya kabla ya ajali. Ajali yenyewe ikitokea, kitu kidogo chenye baruti kinalipuka na kuuvuta mkanda kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, mara moja tu katika maisha yake. Waya zake huwa na plagi za njano. Usipime plagi hiyo kwa tester, maana umeme mdogo wa tester unaweza kuilipua. Chomoa terminali ya hasi ya betri kwanza. Kitabu cha gari langu kinataka usubiri angalau sekunde 90 ndipo uguse plagi za njano. Mimi nilikwenda kupika chai, nikainywa, ndipo nikarudi. Na kasha lenyewe halifunguliwi. Lina springi iliyokazwa, lina baruti, na lina meno madogo yanayoamua kama mtu atashikwa au la. Kama ubovu uko humo ndani, unanunua jipya. Nilijiwekea mpaka huo kabla sijashika bisibisi, nikamwambia na kijana wangu wa kidato cha pili aliyekuwa ananishikia tochi.

Kufungua kwenyewe si kazi kubwa. Kiti mbele kabisa. Plastiki ya kizingiti inang'oka kwa kuvuta juu. Raba ya mlango unaivua kwa vidole. Plastiki ya chini ya nguzo imeshikwa na klipu, unaivuta kuelekea kwako kwa upole, ukianzia chini.

Ya kwangu haikuhitaji upole. Ilitoka mkononi kama jani. Kati ya klipu nne, mbili zilikuwa zimevunjika. Nikakumbuka kwamba mlango ule uliwahi kunyooshwa na nguzo ikapigwa rangi, miaka miwili nyuma, baada ya kugongwa kidogo kwenye maegesho. Aliyefanya kazi ile alifungua plastiki kwa nguvu akairudisha hivyohivyo. Nyuma yake palitakiwa kuwe na ukanda wa sponji unaozuia plastiki isigusane na kasha. Alama ya gundi ilikuwepo, sponji haikuwepo. Ile tak ilikuwa plastiki inayopigwa na kasha kila mota inaposimama.

Chini ya nguzo, kijana wangu alichota kwa kijiko na kumimina kwenye gazeti: mchanga mweupe wa ufukweni, magamba makavu ya dagaa, na vumbi jeusi jepesi ambalo tulipoliangalia kwa tochi likawa ni mabawa. Vile vidudu vya ziwani, vinavyoinuka juu ya maji kama moshi wa moto wa nyasi na kuingia popote penye taa. Dagaa nilikuwa najua walikotoka. Dada yangu anauza, na gari hili limebeba magunia yake kutoka soko la Mwaloni Kirumba zaidi ya mara moja, kiti cha mbele kikiwa kimelazwa.

Nikafungua bolti ya kasha, kichwa cha namba 14, nikachomoa plagi, nikaliweka kasha mapajani. Nikauvuta mkanda kidogo kuuangalia. Haukutoka. Nikavuta tena. Umekaza kama umeshonwa. Moyo ukanienda mbio; nilidhani nimeua kitu ambacho mpaka dakika ile kilikuwa kinafanya kazi.

Kisha nikakumbuka ninachofundisha. Ndani ya kasha kuna kigololi kidogo cha chuma kilichokaa kwenye kikombe. Gari likifunga breki ghafla au likiinama sana, kigololi kinapanda ukuta wa kikombe, kinasukuma kijiti, kijiti kinaingia kwenye meno, gurudumu linagoma. Kigololi hakijui tofauti kati ya breki na paja la mwalimu. Kasha likiwa limelala, kwake dunia imepinduka. Nikalisimamisha wima, kama linavyokaa kwenye nguzo, nikavuta taratibu. Mkanda ukatoka laini. Nikaliinamisha kidogo, ukagoma. Wima, ukatoka. Kijana akaomba ajaribu. Tulirudia mara kumi, na nitalikumbuka somo lile kuliko mengi niliyoyatoa darasani, kwa sababu katikati yake ndipo nilipomsikia mama.

Unanishika.

Nilikuwa nimelichukulia neno lile kama la mtu aliyeogopa. Nikachukua tochi nikaangalia pale kasha lilipokaa. Juu ya kasha kuna ulimi wa chuma unaotakiwa kuingia kwenye tundu la nguzo, ili kasha likae wima kabisa kabla hujakaza bolti. Kwenye nguzo, pembeni ya tundu, rangi ilikuwa imekwaruzwa mpaka chuma kinaonekana. Ulimi haukuwa umeingia tunduni. Kwa miaka miwili kasha limekaa limeegemea upande, limeshikwa na bolti moja, kigololi kikiwa tayari nusu ya safari yake. Mama akiinama mbele kuchukua mkoba wake sakafuni, mkanda unagoma. Gari likikata kona ya Mkolani, unagoma. Likishuka kwenye tuta, unagoma. Alikuwa ananieleza ubovu kwa usahihi kuliko fundi yeyote, na mimi nikawa namwambia, "Kaa sawa, mama, utaachia."

Nilikaa kwenye kizingiti cha gari kwa muda. Kijana akauliza kama nimechoka.

Mkanda wenyewe ndio uliokuwa unasugua. Nilirudisha kasha mahali pake kwa muda, nikauvuta mkanda wote nje, nikaubana kwa kibanio karibu na kasha usirudi, nikauosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida, kwa brashi ya meno, kipande kwa kipande, nikihakikisha maji hayashuki kwenye kasha. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai ya rangi. Usitumie jiki wala dawa kali. Nyuzi ni za polista, na dawa zinaweza kuzidhoofisha bila wewe kuona. Usipake mafuta. Najua mkono unavutwa kwenye kopo la WD-40 kila kitu kinapolia, lakini mafuta yanakamata mchanga, na humo ndani kuna meno yanayotakiwa kushika makavu. Jua la Mwanza nalo ni kali kwa nyuzi, kwa hiyo niliuacha ukauke kivulini, chini ya mwembe, milango wazi, mpaka jioni.

Pete ya begani ilinishangaza. Pale mkanda unapopita palikuwa na utando mweusi unaong'aa, mgumu kama nta: jasho, mafuta ya kujipaka, vumbi la barabara, mafuta ya dagaa. Nilichovya kitambaa kwenye spiriti nikaukwangua, vitambaa vitatu. Chini yake chuma kilikuwa laini kama kioo. Mota ilikuwa inavuta mkanda juu ya nta ile kila siku, na bado haikuungua. Naiheshimu.

Sponji niliipata kwa fundi wa viti, kipande cha kubandika. Klipu mbili nilizikuta kwenye duka la vipuri mjini baada ya kuzunguka maduka manne na ile iliyovunjika mfukoni. Bolti sikutaka kuikaza kwa kukisia. Kitabu kinataka newtonimita 42, na jirani yangu anayetengeneza injini za boti ana spana inayopima nguvu. Alikuja nayo mwenyewe. "Shemeji, ingiza ulimi kwanza," akaniambia kabla sijamwonyesha kitu, akiwa ameshaona mkwaruzo. Ulimi ukaingia tunduni na mlio mdogo. Tukakaza. Plagi, plastiki, raba, kizingiti, na mwisho kabisa betri. Nikawasha. Taa ya mifuko ya hewa ikawaka sekunde chache, ikazimika kama inavyotakiwa. Ingebaki inawaka, gari lisingetoka pale mpaka mtu mwenye kompyuta ya kusoma hitilafu alione.

Nikachomeka. Nikafungua. Sekunde mbili, pumzi tu. Kijana akarekodi, akaziweka sauti mbili pamoja, ya asubuhi na ya jioni, akamtumia bibi yake.

Mama hakujibu ujumbe ule. Nilimfuata Sengerema wiki iliyofuata, kumleta kliniki. "Mwangaluka, mayu," nikamsalimia, na kabla hajapanda nilimweleza kila kitu: ulimi, tundu, kigololi. Nikamwambia alikuwa sahihi kwamba mkanda ulikuwa unamshika, na kwamba nilitakiwa kumsikiliza siku ya kwanza. Akasikiliza mpaka mwisho. Akapanda, akavuta mkanda mwenyewe, akauchomeka. Mota ikamkaza kidogo. Akasubiri, mgongo umenyooka, kama anayesubiri sindano. Halafu akainama kuchukua mkoba sakafuni, na mkanda ukamfuata chini, ukarudi naye juu.

Hakusema kitu. Alitoa chungwa, akaanza kumenya.

Tulipofika darajani mkono wake wa kulia ulikwenda kwenye kifungio. Nilikuwa nimeushika usukani kwa nguvu, nikajizuia kusema. Kidole kilikaa juu ya kitufe chekundu. Mtumbwi mmoja ulikuwa unapita chini, tanga limetunishwa na upepo, na mama aliugeukia na kuuangalia mpaka ukabaki nyuma yetu. Kidole hakikubonyeza. Kilikaa palepale mpaka tukafika Kigongo, kisha akaurudisha mkono kwenye chungwa, akanipa kipande.